Kazi Isiyo na Kiti

Amani, nyuma ya Uwanja,
Unguja.
Jumatano, 23 Aprili 2025

Mpendwa dada yangu Salhiya,

Shikamoo dada. Nakuamkia upya kwa sababu ile shikamoo ya siku ya Idi ilimezwa na kelele za watoto, na sikusikia kama uliitikia. Je, goti linaendeleaje? Mafuta ya karafuu niliyokuletea kwa mkono wa Bakar unayapaka, au yamekwenda kukaa kabatini pamoja na dawa zako zote? Na sukari ya Shemeji Ismail imeteremka? Wanu na mimba yake wazima? Mwambie asinyanyue ndoo, na kama bado anapanda ngazi mbili mbili kama alivyokuwa akipanda huku, mwambie mama yako mdogo kasema basi.

Sisi hatujambo, alhamdulillah. Masika yameingia kwa nguvu. Paa linavuja pale pale linapovuja kila mwaka, nshaweka sufuria. Kifua changu kilibana kidogo wiki iliyopita, nikajifukiza, kikaachia. Nassra hajambo, anakuamkia sana, kakonda kidogo kwa kusoma.

Utastaajabu kupata barua ya karatasi kama tuko zama za baba. Simu ninayo na bando ninalo. Lakini wewe simu yako unaiweka mezani ikipiga sauti nyumba nzima isikie, na lile kundi letu la ukoo ndiyo usiseme, neno likianguka mle saa tatu, saa nne limeshafika Pemba. Bakar anarudi huko kwenu Maskati kesho, basi nimeona nikuandikie hili jambo ulisome peke yako, umekaa.

Jambo lenyewe ni ile kazi ya ofisini kwa Shemeji. Siku ya Idi mlipoitaja nilisema ndiyo, Nassra atakuja, tena nilisema mbele ya watu wote. Sasa sijui kama ile ndiyo ilikuwa yangu kuitoa. Nimechanganyikiwa, dada. Toka tulipokuwa wadogo nikichanganyikiwa hukimbilia kwako, na balaa ya safari hii ni kuwa na wewe mwenyewe umo ndani.

Wacha nianze mbali kidogo, usije ukafikiri mwanangu hana shukrani.

Nassra anamaliza chuo mwezi wa saba, inshaallah. Sayansi ya kompyuta, mwaka wa tatu. Darasani wasichana walianza kumi na mmoja, wamebaki saba, na katika hao saba sitaki kujisifu lakini wenzake wakikwama wanakuja hapa nyumbani, wanavua viatu mlangoni mpaka mtu hana pa kukanyaga. Saa ya msikitini iliyokuwa ikiadhinisha robo saa kabla ya wakati kaitengeneza yeye. Simu za mtaa mzima zinapita mkononi mwake. Kichwa kile kakichukua kwa marehemu mama yetu, na kidogo kwangu. Mie niliishia kidato cha pili, lakini hukumbuki hesabu nilikuwa nikikufanyia wewe?

Miaka mitatu nimekuwa nikiwaambia watu kuwa mwanangu atakaa kwenye kiti cha kuzunguka, ndani ya kipupwe cha mashine, mlangoni pameandikwa jina lake. Nimesema harusini, nimesema mazikoni, nimesema sokoni Mwanakwerekwe kwa muuza ndizi ambaye wala hakuniuliza. Ndivyo nilivyojua mie. Mtoto anasoma, anapata karatasi yake, anapata ofisi.

Basi mwezi wa pili chuo kikafanya siku ya maonesho, wazee tukaalikwa tukaone kazi za watoto. Nilivaa lile baibui la nakshi uliloniletea, nikajifukiza udi, nikakaa mstari wa mbele. Akasimama mwalimu wao, Dokta Tahiya, mwanamke kijana, mwembamba, sauti ndogo lakini inafika. Akatwambia kuwa zamani walikuwa wakimfundisha mwanafunzi, wanampa cheti, na serikali au benki inamchukua. Sasa kazi nyingi za kuandika na kupanga makaratasi zinafanywa na mashine, na hata hizo programu walizokuwa wakijivunia kuandika, akili mnemba inaziandika kabla hujamaliza chai. Mie nikamgeukia mama wa pembeni yangu nikamuuliza ndiyo hiyo Mnemba, kisiwa cha watalii? Akacheka. Nikacheka na mie, nionekane nilikuwa nikifanya mzaha.

Akaendelea kuwa wanaotaka wafanyakazi siku hizi hawaulizi cheti tu. Wanauliza kijana huyu anaweza kusikilizana na watu? Anaweza kujifunza kitu kipya kwa mwezi mmoja? Likitokea tatizo ambalo halimo kitabuni, atalishika wapi?

Kulikuwa na mzee mmoja nyuma, baba wa mtoto anayesomea umeme, akainuka na bakora yake. Akasema, "Mwalimu, tumepika pilau miaka mitatu, ndiyo leo mnatwambia bwana harusi haji?" Ukumbi mzima ukacheka. Dokta Tahiya naye akacheka, kisha akamjibu kuwa bwana harusi atakuja, mzee wangu, ila ni mwengine, na bado hatujajua anakula nini.

Watu walipiga makofi. Mie sikupiga. Nilirudi nyumbani na kichwa kama ngoma. Mwalimu anasimama mbele ya wazee anasema hajui! Sisi mwalimu wetu wa Jambiani alikuwa akijua kila kitu, na asilolijua alikuwa akitupiga.

Sasa nikwambie hiyo kazi aliyoifanya Nassra, maana hapo ndipo pana mzizi. Chuo kiliwataka kila mmoja atoke nje, akatafute tatizo la watu wa kweli, alifanyie kitu. Wenzake wengi walichagua mahoteli. Nassra akachagua mwani, akaniambia mama nipeleke kwenu. Nikampeleka kwa Bi Kidawa, bado ndiye anayewaongoza kina mama wa mwani pale Jambiani, na meno yake yote anayo.

Nassra alikuwa katengeneza kidude cha rangi ya chungwa, mfano wa kikopo, kinatiwa majini kinapima joto, kisha kinapeleka ujumbe kwenye simu kuwa maji yamekuwa moto. Unajua siku hizi maji yakipata moto mwani unageuka mweupe, unakatika, unakwenda na mawimbi. Akawakusanya kina mama, akawaeleza vizuri sana, akawauliza kama kinafaa. Wote wakasema kinafaa mwanetu, kizuri, Mungu akuzidishie. Akaandika kwenye daftari lake kuwa wote wameridhika.

Mie nimekaa pembeni namtazama. Wewe unapajua kwetu. Mgeni haambiwi kitu chake kibaya, tena mgeni aliyekuja na mama yake. Wakikisifia kitu haraka vile, jua hawakitaki. Jioni nikamwambia Nassra daftari lako limeandika adabu, halijaandika ukweli. Hakunielewa. Asubuhi yake nikamwambia acha daftari ndani, kunja suruali, kaa chini nao ufunge mbegu kwenye kamba mpaka vidole vikuume, wala usiulize kitu.

Kakaa, dada. Zile kamba zinavyokata vidole unazikumbuka. Saa ya kwanza walizungumza mambo ya posa na ya watu waliokufa. Saa ya pili Bi Kidawa, bila hata kumtazama, ndipo akasema: "Joto tunalijua, mwanangu, miguu yetu imo majini kila siku. Tusilolijua ni mwani wa mwenzangu wa kule mbele umeanza lini kufa. Ningejua siku ile ile ningeuvuna wangu nikaokoa nusu. Mie hujua baada ya siku tatu, wangu nao umeshaoza."

Nassra aliporudi mjini alifuta karibu kazi yote ya miezi mitatu. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Akaanza upya. Sasa mama yeyote akiona mwani wake unaanza weupe anabonyeza namba moja tu kwenye simu yake ya tochi, na wenzake wote wa upande ule wanapigiwa simu, wanasikia sauti inawaambia pahala gani na siku gani, kwa maneno ya kwetu. Na ile sauti, Salhiya, ni yangu. Nassra kanirekodi uwani, kuku wamefungiwa. Kina mama wa Jambiani wanaponisikia wanaitikia naam kama niko mlangoni. Mkwe wa Bi Kidawa aliniambia wao sasa wananiita Mwanapili wa simu. Kwa hivyo na mie nimo ndani ya kompyuta, na bila ya mie ile kompyuta ingekwama. Hilo kila mtu nimeshamwambia, nakwambia na wewe.

Sasa ndiyo nakuja kwenye kosa langu.

Siku ile ya maonesho walikuwapo vijana watatu wana kampuni yao ndogo, wanatengeneza mambo kama haya kwa wavuvi na wakulima. Wakaipenda kazi ya Nassra. Ikawa Nassra simu yake iliingia maji ya chumvi kule Jambiani, kwenye fomu akaandika namba yangu. Mwisho wa Ramadhani ikapigwa simu, kijana anaitwa Ayoub, ana adabu, akasema wanamhitaji Nassra kazini akishamaliza chuo.

Nilijua vizuri kuwa ni kazi, usinicheke. Lakini nikajiuliza, mtoto wa kike anatakwa na watu nisiowajua, baba yake yumo kaburini, nitasema sawa tu kwenye simu kama nnaagiza gesi? Nikamwambia Ayoub njooni nyumbani na mkubwa wenu, mtakuta na sisi tuna mkubwa wetu. Na nikawaambia Nassra msimwambie kitu kwanza, kwetu msichana huulizwa mwisho.

Wakaja siku ya ishirini na sita ya mfungo, karibu na magharibi. Vijana wawili na msichana mmoja, na kwa sababu hawana mkubwa wao Ayoub kamleta bibi yake. Nassra siku ile alikuwa chuoni na wenzake, walifuturu huko huko. Mie nilimwita Ami Borafya, kaka wa marehemu mume wangu, akavaa kanzu na kilemba kabisa. Tukafuturu. Kisha Ami akaanza kuwahoji. Nyie wana wa nani? Mnaswali wapi? Mtoto akiumwa mnafanyaje? Wakajibu vizuri. Akawauliza kazi ya muda gani. Ayoub akasema miezi sita, kisha watatazama, kama fedha za mradi zipo wataendelea. Ami akaweka kikombe chini. Akamwambia, "Mjukuu wangu, hata shamba la mihogo hukodishwa kwa mwaka."

Yule bibi akacheka mpaka ushungi ukamwanguka, akasema nshawaambia mie! Ukawa udugu pale pale. Wakatoa barua ndani ya bahasha, nikaipokea kwa mikono miwili, nikawaambia tupeni siku zetu saba tuulizane wazee. Vijana wakatazamana, lakini bibi akawaambia ndivyo inavyokuwa, nyamazeni.

Barua yenyewe ya Kiingereza. Nilisoma jina la mwanangu nikaona limeandikwa sawasawa, nikaiweka kabati la vyombo vya wageni, chini ya sinia. Wala sikumwambia Nassra. Nilisema nitamwambia siku ya saba, baada ya Ami kutoa kauli. Siku ya nne ikawa Idi, nyie mkapiga, Shemeji akaitaja nafasi ya ofisini kwake, kiti, meza, kipupwe, Maskati. Nikaona Mungu kashajibu. Kwetu akitokea wa nyumbani na wa nje, wa nyumbani ndiye wa mbele. Nikasema ndiyo. Nyote mkapiga vigelegele, na Nassra yuko chumbani anajisomea. Nilipomwambia jioni alisema Mama mkubwa kafanya wema. Mie nikaliona ndilo jibu.

Kumbe ile barua ya vijana ilikuwa na tarehe yake ya mwisho ndani, nayo ilikuwa siku ya sita.

Nassra kajua Darajani. Alikwenda kununua waya, akakutana na yule msichana wa kampuni, naye akamwambia wamesikitika kuwa hakuitaka kazi yao. Kazi gani? Ndipo akaelezwa, na futari, na Ami, na bibi, na siku saba.

Alirudi nimo jikoni nakuna nazi. Nilidhani atapiga kelele, nikajitayarisha na kelele zangu. Hakupiga. Akanisogeza kwa taratibu, akakaa yeye juu ya mbuzi, akakuna nazi ile yote, akashika ya pili wala mie sikuwa na haja nayo. Kisha akasema, "Mama, nikuulize kitu hutakasirika? Hiyo kazi ya Maskati unataka niifanye, au unataka kusema kuwa ninayo?"

Nilimfokea, dada. Nilimwambia ya kumwambia na yasiyo ya kumwambia, na tui lenyewe nikaja kulitia chumvi mara mbili. Lakini lile swali halikutoka. Nikienda dukani limo, nikiswali limo.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa wale vijana. Wamemwambia wameshazungumza na kijana mmoja wa Dar es Salaam lakini bado hawajaandikiana, na nafasi ya Nassra wameiweka wazi mpaka tarehe thelathini ya mwezi huu. Na tarehe thelathini ndiyo hiyo hiyo Shemeji aliyosema wanataka nakala ya pasipoti. Leo ni ishirini na tatu.

Mie nikenda kuiona hiyo ofisi yao, sikumwambia mtu. Iko Mwanakwerekwe, juu ya duka la rangi. Salhiya, hakuna kiti. Wamekaa chini kwenye mkeka, kompyuta mapajani, birika la chai katikati. Nikauliza wengine wako wapi, nikaambiwa wanafanyia kazi majumbani kwao. Nikauliza mlangoni mbona hapana jina, Ayoub akasema wanangoja wajue kama watabaki hapa. Mkononi nina sahani ya visheti, nikakosa hata meza ya kuiweka. Nilishuka ngazi roho imenianguka. Nitawaambia nini watu? Mwanangu kasoma miaka kumi na sita aje akae mkekani, mkeka si hata kwangu upo?

Ami Borafya bado anasema kazi ya miezi sita si kazi, ni kibarua, aende Maskati kwa watu wake. Dokta Tahiya nilimpigia simu, nikamwomba aniambie kitu kimoja tu cha hakika. Akaniambia Bi Mwanapili, hakika sina ya kukupa, mie mwenyewe nusu ya niliyosomea siyasomeshi tena. Ila akasema katika wanafunzi wake wote aliyefuta kazi yake akaanza upya bila kulazimishwa ni mmoja. Nilimwambia namjua, nimemzaa mie. Tena nikampa habari za sauti yangu, ingawa alikuwa anazo.

Sasa nisikilize, na usinune kabla hujafika mwisho wa ukurasa. Nimekaa nikayarudia maneno yako ya siku ya Idi. Wewe mwenyewe ulisema kwa furaha kuwa ofisini kwa Shemeji walikuwa watano katika chumba kile, sasa wamebaki wawili, ndiyo maana pana nafasi. Na Shemeji akasema kazi yenyewe nyepesi, ni kuyaingiza makaratasi ya zamani kwenye kompyuta. Siku ile nilisikia kiti na kipupwe tu. Siku hizi nasikia yaliyobaki. Wale watatu wamekwenda wapi, dada? Na haya makaratasi ya zamani yakishaingizwa yote, huyo aliyeyaingiza anafanya nini kesho yake?

Sisemi kuwa Shemeji katudanganya, haasha. Katupa kitu kizuri kama alivyokijua yeye, na hata mie ndivyo nilivyokijua. Lakini swali hili mie nakuna nazi limenijia, nikaona haya kuwa mwanangu limemjia kabla yangu na kwa heshima yako hakulisema.

Juzi nilimwita, nikamuuliza yeye anataka nini. Ndiyo mara ya kwanza kumuuliza, naandika kwa kuona aibu. Akaniambia anataka kwenda kwa Ayoub na wenzake. Nikamwambia miezi sita ikisha je? Akasema hajui, mama, lakini katika miezi sita atajua vitu ambavyo leo havijui, na huko Maskati atakuwa anafanya anavyovijua toka mwaka wa kwanza. Sikulielewa jibu hili lote, nakwambia kweli. Nililolielewa ni macho yake. Kisha akasema hatowaandikia wale vijana hata neno moja mpaka mie nizungumze nanyi kwanza, kwa sababu niliyempa ahadi ni ndugu yangu, na yeye hataki kupata kazi kwa kunivunjia undugu. Mimi nikisema ndiyo ile ibaki, atakwenda kupiga picha ya pasipoti bila ya kununa.

Unaona alivyonifunga? Bora angepiga kelele.

Na lile swali lake nimelijibu, si kwake, nalijibu kwako. Nilitaka kusema kuwa ninayo. Pale mlipopiga vigelegele mie moyoni nilikuwa nshafika kwa mama wa jirani, yule mwenye mwana Dubai, namwambia wa kwangu yuko Maskati, anafanya kazi ya kompyuta, wala asiniulize ni kazi gani. Ndiyo yangu yote ilikuwa hiyo.

Basi dada yangu, nairudisha ile ndiyo. Nafasi ya ofisini mpeni mwengine. Kuna watoto wengi wa ukoo ambao kwao itakuwa kheri, na pengine mie ndiye ninayekosea, pengine baada ya miezi sita utaniona nakuandikia nalia. Sijui. Kila ninayemuuliza ananiambia hajui, tofauti yao ni kuwa wengine wanasema kwa sauti kubwa. Mwanangu peke yake ndiye anayesema hajui huku anakunja suruali aingie majini.

Usimwambie Shemeji kitu. Neno nililitoa mie, nitaliomba mie. Jumamosi, saa nne ya kwetu, tano ya kwenu, najua atakuwa nyumbani ameshakunywa chai, nitapiga simu. Iweke hiyo simu mezani kama kawaida yako, sauti kubwa, waliosikia ile ndiyo wasikie na hili. Nikianza kuzungusha maneno, unanijua, wewe kohoa tu nitafahamu.

Nisalimie Shemeji Ismail kwa heshima zote. Mpe salamu Wanu, mwambie mkoba wa mtoto naushona, rangi nimechagua ya manjano, awe wa kike au wa kiume haitomfitini mtu. Nisalimie na mama mkwe wako na jirani yako yule wa Makunduchi anayependa pweza. Bi Kidawa anakusalimu kutoka Jambiani, anasema goti lako ni uzito wala si baridi, mie nimeleta tu kama nilivyopewa. Ami Borafya anakusalimu pia, yeye bado kanuna lakini salamu katoa. Bakar nimempa visheti na achari ya embe, hesabu makopo, ni matatu.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akuhifadhie mume na wana, na atukutanishe uwani kwetu kabla mmoja wetu hajaanza kusahau majina. Na kama utanikasirikia, nikasirikie mie peke yangu, Nassra umuombee dua.

Ni mie nduguyo nikupendaye, na niliye mkaidi kuliko ulivyonilea,

Mwanapili